Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchora Watu na Kazi ya Studio

Ninachora watu, zaidi kwa rangi za mafuta. Wanaotaka kuchorwa, wanaonunua picha na wachoraji wanaoanza huniuliza mambo yanayofanana sana, nami nimeyajibu hapa. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu swali lina mengi ndani yake. Mengine yanatosha kwa sentensi mbili.

Kwa nini unachora watu tu?

Kwa sababu kila anayesimama mbele ya picha ya mtu ni hakimu. Ukisogeza tawi la mti upana wa kidole, hakuna atakayekushtaki. Sogeza jicho kwa unene wa ukucha, na aliyekaa kwenye kile kiti atakuwa mtu mwingine kabisa. Hata mtoto ataliona hilo. Ukali huo ndio unaonivuta. Unanilazimisha nitazame kwa uaminifu, na katika kazi hii kutazama huchukua muda mrefu kuliko kupaka.

Pia najali ni nani anayeonekana ukutani. Kerry James Marshall, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1955, ameijenga kazi yake juu ya kuwachora watu weusi kwa ukubwa na heshima ambayo majumba ya makumbusho yalizoea kuwapa wengine. Ukimtazama mtu kwa makini muda mrefu kiasi hicho, umemwambia kwamba anastahili kutazamwa.

Unaanzia wapi mbele ya turubai tupu?

Siianzi kazi kwenye turubai. Naanza na mkaa na karatasi za kawaida, huku mtu mwenyewe bado hajui akae vipi. Namwomba akae, asimame, ageuke, apumzike. Mkao wa kwanza huwa ule wa kupigwa picha: mgongo wima, kidevu juu, mikono imepangwa. Nausubiri uchoke. Baada ya dakika kadhaa mabega hushuka, mkono mmoja hutafuta mahali pake, kichwa hulalia upande kilikozoea, na hapo ndipo mwenyewe hujitokeza. Mchoro wa haraka wa wakati huo, hata ukiwa na mistari kumi tu, ndio ninaourudia hadi mwisho wa kazi ninapohisi nimepotea.

Turubai naipaka kwanza rangi hafifu ya kijivu au kahawia, kwa kuwa juu ya weupe mtupu kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo na jicho hukosa kipimo.

Kwa mtu aliyesimama, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mguu uliobeba uzito. Nashika timazi, ileile ya fundi ujenzi, naulenga uzi kwenye kishimo kilicho chini ya koo kati ya mitulinga miwili, kisha natazama unashukia wapi. Mtu akiegemea mguu mmoja, uzi huo hushukia karibu na kifundo cha mguu huo. Nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huohuo hushuka, na shingo humrudishia mtu mizani yake. Ukikosea hapo, uso uupake vizuri namna gani, mtu hatasimama. Ataning'inia.

Halafu naigawa picha sehemu mbili tu, mwanga na kivuli, kwa rangi ya umba, kahawia ya udongo, iliyozimuliwa. Palipozidi nafuta kwa kitambaa. Katika hatua hii uso hauna macho bado. Una mashimo mawili ya kivuli, na mara nyingi tayari unafanana na mwenyewe.

Unafanyaje mpaka mtu afanane?

Wengi hudhani kufanana kunakaa kwenye macho na mdomo, kwa hiyo huanza na kope, wakamaliza kope, kisha wakashangaa kuona kope nzuri kwenye uso wa mtu wasiyemjua. Ndugu yako unamtambua kutoka mbali akiwa amekupa kisogo. Macho yake huyaoni wala mdomo huuoni. Umemjua kwa namna shingo ilivyotoka mabegani, upana wa kichwa ukilinganisha na mabega, na jinsi anavyosimama. Kufanana kumo katika uhusiano wa sehemu na sehemu, na uhusiano huo huanzia kwenye maumbo makubwa.

Kwa hiyo nauliza maswali ya vipimo. Je, umbali kutoka nyusi hadi chini ya pua ni sawa na ule wa kutoka pua hadi kidevu, au umezidi? Tundu la pua liko chini ya kona ya jicho au limeingia ndani? Sikio linaanzia juu ya mstari wa jicho au chini yake? Kila uso una mahali pamoja au pawili unapokataa vipimo vya kawaida, na hapo ndipo mtu huyo alipo. Mchoraji anayenyoosha kila kitu ili kipendeze huwa amemfuta mtu.

Nafinya macho ili maelezo madogo yapotee na kivuli kibaki umbo moja. Natembea kurudi nyuma kila baada ya miguso michache. Naitazama picha kwenye kioo pia, ushauri ambao Leonardo da Vinci aliuacha katika maandishi yake zaidi ya miaka 500 iliyopita na ambao haujazeeka: kosa ambalo jicho limelizoea hujitokeza mara moja likigeuzwa.

Unachanganyaje rangi ya ngozi?

Hili huulizwa kuliko yote, na wengi huja wakitarajia nitaje mchanganyiko mmoja. Haupo. Chukua uso wa mtu mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Paji lina umanjano zaidi, kwa kuwa mfupa uko karibu na ngozi. Katikati, kuanzia masikio hadi mashavu na pua, damu ni nyingi na wekundu huongezeka. Kuzunguka mdomo na kidevu rangi hupoa, hasa kwa mwanamume aliyenyoa ndevu. Hizo ni rangi tatu kabla hujagusa kivuli.

Ngozi nyeusi huwapoteza wachoraji wengi kwa njia mbili. Mmoja huchanganya kahawia na nyeusi, akapata rangi iliyokufa. Mwingine, anapotaka mwanga, huongeza nyeupe, na ngozi ikawa ya kijivu kama ya mgonjwa. Nyeupe hupoza rangi na kuifubaza; haiwashi. Giza la ngozi mimi nalijenga kwa umba iliyochomwa na ultramarini, buluu nzito. Ukizidisha umba linapata joto, ukizidisha buluu linapoa, na unaweza kuuzunguka uso mzima kati ya hizo mbili bila kufungua tyubu ya nyeusi. Ninapopanda kuelekea mwanga natanguliza siena iliyochomwa, rangi ya udongo ya kahawia-nyekundu, kisha okra, rangi ya udongo ya manjano, na nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa. Nyeupe huja mwisho, na kidogo.

Nyeusi yenyewe haina kosa, mradi uijue. Marshall huanzia na nyeusi tatu tofauti, ya mifupa iliyochomwa, ya kaboni na ya oksidi ya chuma, kisha huzitia rangi nyingine hadi kila moja ipate joto lake au ubaridi wake. Ukisimama mbele ya kazi yake ndipo unapoona kwamba weusi una nafasi ndani yake: kuna shavu, kuna taya, kuna kivuli cha taya shingoni.

Halafu kuna mng'ao. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huonekana wazi zaidi, kwa sababu mwanga unaoruka juu ya ngozi ni karibu uleule kwa watu wote, ila tofauti kati yake na ngozi inayouzunguka ndiyo huwa kubwa. Mwanga huo hubeba rangi ya kule ulikotoka. Mtu aliyekaa dirishani wakati anga ni safi ana mng'ao wa buluu kwenye panja na juu ya kitefute. Chini ya taa ya ndani, mng'ao huohuo huwa wa manjano. Ukiupaka kwa nyeupe tupu unaonekana kama tone la rangi lililoanguka kwa bahati mbaya. Tazama pia ndewe za masikio mwanga unapopita nyuma yake, na viganja, ambako wekundu hutokea ghafla.

Na rangi huhukumiwa na jirani zake. Mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alilieleza hilo kwa kina mwaka 1839. Kijivu kikikaa kando ya nyekundu huelekea kijani. Ile mishipa ya kifundo cha mkono ambayo kila mtu huapa kwamba ni ya buluu, kwenye paleti yangu, kibao cha kuchanganyia rangi, mara nyingi ni kijivu kilichozungukwa na rangi za joto.

Unatumia rangi ngapi?

Chache. Anders Zorn wa Sweden (1860–1920) anajulikana kwa kuchora watu kwa nyeupe, okra ya manjano, nyekundu ya vermilioni na nyeusi tu. Kwa anayeanza hakuna zoezi bora kuliko hilo, kwa sababu rangi zikiwa nne huna pa kukimbilia: lazima ujue ipi ina joto na ipi ni baridi ukiilinganisha na mwenzake.

Mafuta au akriliki?

Akriliki hukauka maji yanapotoka, kwa dakika tu. Rangi ya mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni ya hewa, na huchukua siku au wiki kulingana na unene na aina ya rangi. Umba huwahi kwa sababu ina manganizi, ilhali nyeusi ya mifupa na alizarini, nyekundu iliyokolea, hukawia. Ucheleweshaji huo ndio ninaoutaka. Naweza kulainisha ukingo wa shavu kesho yake asubuhi, au kukwangua jicho zima kwa kisu jioni bila kuacha kovu.

Sheria moja usiivunje: tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu. Tabaka lenye mafuta mengi hukawia kukauka na huendelea kujongea. Likiwa chini ya tabaka lililokwisha kukauka, la juu litapasuka, pengine miaka baada ya picha kuondoka mikononi mwako.

Kuhusu kitambaa, kitani hukaa imara kuliko pamba, na ubao hufaa picha ndogo. Lakini chini ya rangi panaweza kuwa na mengi zaidi. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda. Mashimo na mishono yake haifichi. Mwili anaouchora hulazimika kupita juu yake, na hapo kitambaa huwa sehemu ya picha.

Unachora mtu akiwa mbele yako, au kwa picha ya simu?

Mbele yangu kila inapowezekana. Mtu aliye hai hupumua, hubadilika, huchoka, husimulia kitu na uso wake ukafunguka. Macho yangu mawili huona mduara wa kichwa ambao lenzi moja huubapa. Kamera pia hukiziba kivuli: pale ambapo mimi naona kahawia, zambarau na mwanga uliorudi kutoka kwenye shati, yenyewe huweka weusi.

Ukilazimika kutumia picha, ipige kutoka mbali kidogo. Simu ikiwa karibu na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma, na kosa hilo hutokana na umbali. Rudi nyuma mita mbili au tatu, piga, kisha punguza kingo baadaye. Washa taa upande mmoja tu ili kivuli kiwe na umbo.

Hilo halina maana kwamba kuna njia moja halali. Lynette Yiadom-Boakye, mchoraji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1977, huchora watu wa kubuni ambao hawajawahi kukaa mbele yake, na wana uhai ambao wengi wetu hatuupati hata mtu akiwa hatua mbili tu kutoka tulipo. Ila mkono wake umejaa miaka ya kutazama. Kubuni mwili kunataka uwe umeona miili mingi.

Anayechorwa hukaa kwa muda gani?

Kwangu ni vikao kadhaa vya saa mbili hadi tatu, na mapumziko kila baada ya dakika 20 au 25. Kabla hajainuka naweka alama za utepe sakafuni kuzunguka miguu na kwenye kiti palipokaa mkono, ili arudi palepale.

Wachoraji hutofautiana mno. Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris, alisimulia kwamba alimkalia Paul Cézanne mara 115 kwa picha ya mwaka 1899. David Hockney alimkalia Lucian Freud zaidi ya saa 100 mwaka 2002. Antonio López García alianza picha ya familia ya kifalme ya Hispania mwaka 1994 na ikazinduliwa mwaka 2014, huku akitegemea zaidi picha za kamera. Sioni sababu ya kumhukumu yeyote kwa kasi yake.

Ninachosisitiza ni haki ya anayekaa. Kukaa kimya bila kusogea ni kazi ngumu: mguu hufa ganzi, shingo huuma, mawazo huzunguka. Anasema anapotaka kupumzika, nami nasimama hapo hapo, hata kama rangi niliyokuwa nikiitafuta ndiyo kwanza inakuja. Nikichora mtu asiye na nguo, ana mahali pa faragha pa kubadilishia, ana vazi la kujifunika wakati wa mapumziko, haguswi kwa sababu yoyote, hapigwi picha bila idhini yake, na anaruhusiwa kumleta mtu anayemwamini. Hayo tunayakubaliana kabla ya siku ya kwanza. Studio isiyoyaheshimu haya, usiende.

Ni lazima kujifunza kuchora mwili usio na nguo?

Si lazima. Ni lazima kuujua mwili ulio chini ya nguo, na huo unaweza kuusoma kwenye mifupa, kwenye sanamu na kwa kutazama mikono na miguu yako mwenyewe.

Studio yako ina mwanga wa namna gani?

Dirisha moja kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja. Ukiwa kaskazini mwa dunia hilo ni dirisha linalotazama kaskazini. Ukiwa kusini, linalotazama kusini. Karibu na ikweta jua huvuka upande mmoja na kurudi mwingine ndani ya mwaka, kwa hiyo pazia jeupe au karatasi nyepesi kwenye kioo hufanya kazi nzuri kuliko kuhangaika na upande. Vyanzo viwili vya mwanga kwenye uso mmoja huua umbo. Zima kimojawapo.

Siku zisizo na msukumo unafanyaje?

Nachora mikono. Huhitaji hamu ili kuuchora mkono. Unahitaji kuanza tu, na mkono ni mgumu kiasi kwamba ndani ya nusu saa umesahau kuwa hukutaka kufanya kazi. Siku nyingine naandaa turubai, naosha brashi, napanga rangi. Kazi ya studio ina vibarua vingi visivyosubiri msukumo, na mimi navipenda kwa sababu vinaniweka karibu na picha bila kunidai niwe hodari.

Picha ikinikatalia kabisa naigeuza juu chini. Uso ukishaacha kuwa uso, unabaki madoa ya mwanga na kivuli, na doa lililokosewa hujulikana. Isiporekebishika, naigeuzia ukutani kwa wiki kadhaa. Kuna nyakati pia turubai hupakwa upya na mtu mwingine akachorwa juu yake. Hilo si jambo la aibu. Chini ya mzee mwenye gitaa wa Pablo Picasso, picha ya mwaka 1903–1904 iliyoko Chicago, eksirei zilifichua mwanamke aliyeanza kuchorwa hapo kabla.

Unajuaje kwamba picha imekwisha?

Nikiona kila mguso mpya unaondoa kitu kuliko unachoongeza. Sipaki sehemu zote kwa ukamilifu sawa. Kama uso umebeba picha, mkono wa kiti unaweza kubaki mistari miwili. Wachoraji wengi wanaoanza humalizia kila pembe kwa bidii ileile, na jicho la mtazamaji hukosa pa kutua.

Na aliyechorwa akisema hafanani?

Namsikiliza. Namuuliza ni wapi, na mara nyingi anaonyesha mahali ambapo hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Wakati mwingine anachokikosa ni ule uso anaouona kwenye kioo kila asubuhi, ambao umegeuzwa kushoto kulia. Picha yangu inamwonyesha uso ambao wengine wanaujua. Hapo namwomba mtu wa nyumbani kwake aje kuitazama. Nabadilisha vipimo nikionyeshwa kosa. Kumwondolea mtu umri wake au kumng'arisha ngozi sikubali, na nalisema hilo kabla ya kupokea kazi.

Kuna hatari zozote kiafya?

Zipo, na vijana hawaambiwi vya kutosha. Nyeupe ya risasi ni sumu. Nyeupe ya titani inatosha kwa karibu kila kazi. Usilambe brashi, usile ukiwa na rangi mkononi, usipige msasa rangi kavu bila barakoa. Fungua madirisha unapotumia tapentaini.

La kutisha zaidi ni vitambaa. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani hutoa joto kinapokauka, na vikirundikwa pamoja vinaweza kuwaka moto vyenyewe bila kiberiti wala cheche. Vitandaze kimoja kimoja mahali penye hewa, au vitumbukize kwenye chombo cha chuma chenye maji na mfuniko, kila siku kabla ya kufunga studio.

Naweza kujifunza bila shule ya sanaa?

Ndiyo. Unachohitaji ni mtu wa kumtazama, na mmoja unaye kwenye kioo. Rembrandt (1606–1669) alijichora, akajichonga kwenye sahani za shaba na kujipaka mara takriban 80, tangu kijana hadi mwaka wa kifo chake. Nakili pia kazi za wachoraji unaowapenda ili ujue walivyofikiri, na andika nyuma ya kila nakala kwamba ni nakala. Mtafute mtu mmoja mkweli wa kukukosoa. Kusifiwa na wengi hakutakufundisha pale kidevu kinapoanzia.

Nikinunua picha, naweza kuichapisha kwenye fulana au kalenda?

Katika nchi nyingi, kununua picha hakukupi hakimiliki. Turubai ni yako: unaweza kuitundika, kuirithisha au kuiuza. Haki ya kutoa nakala hubaki kwa mchoraji mpaka aikabidhi kwa maandishi, na chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 na marekebisho yake, kwa kawaida hudumu maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Aliyechorwa naye anaweza kuwa na haki zake juu ya sura yake, hivyo mimi huwa na karatasi iliyosainiwa na pande zote.

Niitunze vipi picha niliyonunua?

Itundike mbali na jua la moja kwa moja, jiko na ukuta wenye unyevu. Ifute vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, kamwe usitumie maji, sabuni wala mafuta. Ukiihamisha, ishike kwenye fremu na usiache kitu chochote kiegemee turubai kwa nyuma, kwa sababu mgandamizo mdogo wa leo hutokea mbele baadaye kama mduara wa nyufa. Picha mpya huondoka kwangu bila vanishi ya mwisho. Irudishe kati ya miezi 6 na 12, rangi ikishakauka vizuri, nami nitaipaka bila malipo.